Mtoto mwenye usonji kwenye vitabu vya watoto: kwa nini kila mara yeye ndiye somo la wengine?

MamaPendo (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa wazazi, walimu na wale wanaowasomea watoto hadithi jioni.

Nina binti wa miaka tisa mwenye usonji (autism), yaani ubongo wake unapokea sauti, mguso, maneno na watu kwa namna tofauti na ya wengi. Maneno ya mdomoni anayo machache, mengine anaonyesha kwa kadi za picha, lakini ukifungua kitabu anakuja kukaa bila kuitwa. Kwa ajili yake nimekuwa nikitafuta hadithi zenye mtoto kama yeye. Nilizozipata karibu zote ni za Marekani na Uingereza, kwa sababu huko ndiko zinakochapishwa kwa wingi. Na kuna jambo limenikaa rohoni. Kwenye vitabu vingi mtoto mwenye usonji yupo ili mtu mwingine ajifunze kitu. Yeye hana anachokitaka, hakosei, hakasiriki kwa sababu ya maana, wala habadiliki. Amewekwa pale kama mtihani, na anayefaulu ni dada yake.

Chukueni Ian's Walk ya Laurie Lears, ya mwaka 1998. Msimulizi ni Julie, anayetoka matembezi na dada yake mkubwa na mdogo wao Ian. Ian ananusa matofali ya ukuta wakati wengine wanatazama maua, na Julie anaona aibu watu wakitazama. Ian anapotea, Julie anajaribu kuwaza kama yeye, anamkuta kwenye kengele ya bustani, na wanaporudi nyumbani anamwacha atembee apendavyo. Kimeandikwa kwa upendo na sikibezi. Lakini ukifunga kitabu unaujua moyo wa Julie wote, na wa Ian unaambiwa tu anapenda kengele.

Ukija kwenye Rules ya Cynthia Lord (2006), mambo yamekomaa zaidi. Mwandishi mwenyewe ana mtoto mwenye usonji, na mwaka 2007 kitabu kilipata heshima ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto huko Marekani. Catherine, miaka 12, anamwandikia mdogo wake David sheria za maisha, mojawapo kwamba midoli haiwekwi kwenye tangi la samaki. David akishindwa kupata maneno yake, anaazima sentensi kutoka hadithi za Frog na Toad za Arnold Lobel, na Catherine amejifunza kumjibu kwa sentensi za humohumo. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwanza. Binti yangu anafanya hivyohivyo na matangazo ya redio. Akiumwa tumbo anasema maneno ya tangazo la dawa, na nyumbani wote tunaelewa. Watu wa nje wanadhani anapayuka.

Kwenye Rules yumo pia Jason, kijana wa kiti cha magurudumu anayeongea kwa kugusa kadi za maneno. Catherine anaanza kumchorea kadi mpya, zikiwemo za hasira na za utani. Wazazi wenzangu wenye kadi za picha, tazameni za kwenu. Zangu zilikuwa maji, choo, chakula, kulala. Kadi ya "niache" haikuwemo. Hata hivyo hadithi bado ni ya Catherine. David anabaki pale alipoanzia.

Kuna na mtindo wa pili, nao unaniudhi zaidi: mtoto anakubalika kwa sababu ana kipaji cha ajabu. Anakokotoa namba kubwa, anakariri ratiba za treni, anafumbua fumbo lililowashinda polisi. Filamu ya Rain Man ya 1988 iliueneza sana mtindo huo na vitabu vikafuata. Watu wenye vipaji vya namna hiyo wapo, ila wengi wenye usonji hawana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hao wote wakidaiwa maajabu ndipo wapewe rafiki, wengi watakaa peke yao. Binti yangu hana maajabu. Anapenda kumimina mchele kutoka bakuli hadi bakuli. Anastahili kitabu.

Tena ni wavulana watupu, au karibu watupu. Daktari wa akili wa watoto Leo Kanner alipochapisha maelezo yake maarufu ya usonji mwaka 1943 aliandika juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Sura ya mvulana anayejitenga ikashika, wasichana wakaonekana wana haya tu, au wana kiburi. Ndiyo maana Can You See Me? ya 2019 ilinipa nguvu: imeandikwa na Rebecca Westcott pamoja na Libby Scott, msichana mwenye usonji aliyekuwa bado mtoto kilipotoka. Tally, mhusika wake, anajibana shuleni siku nzima afanane na wenzake, halafu akifika nyumbani analipuka. Mwalimu anaapa mtoto hana shida, mama anaonekana mwongo. Akina mama wangapi humu wameshasikia "mbona hapa shuleni ametulia"?

Kitabu ninachokisimamia mbele ya vyote ni A Kind of Spark cha Elle McNicoll, cha mwaka 2020. Mwandishi ana usonji yeye mwenyewe. Addie, miaka 11, anaishi kijiji cha Uskoti, na mwalimu anamdhalilisha mbele ya darasa kwa ajili ya mwandiko wake. Anajifunza kwamba zamani wanawake wa kijiji hicho waliuawa kwa kuitwa wachawi, naye anaanza kudai wawekewe kumbukumbu. Hapo mtoto mwenye usonji ana jambo analolitaka. Anakasirika kwa sababu haki imevunjwa. Anapingwa na wakubwa, anarudi tena. Dada yake Keedie naye ana usonji na anauficha chuoni, kwa hiyo kitabu kimoja kinakuonyesha watu wawili wasiofanana. Mwaka 2021 kilichukua tuzo ya vitabu vya watoto ya Waterstones, maduka ya vitabu ya Uingereza.

Mambo ya Addie si ya kubuni matupu. Sheria ya uchawi ya Uskoti ilidumu kuanzia 1563 hadi 1736, na tarehe 8 Machi 2022 Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali huko, aliomba radhi rasmi kwa waliohukumiwa. Sasa nambieni, msomaji wa Shinyanga au Mwanza atahitaji kuelezwa nini kuhusu bibi aliyeuawa kwa kuwa na macho mekundu? Addie anaona kwamba wale wanawake waliwindwa kwa kuwa tofauti, na kwamba naye angekuwa mmojawao. Mimi nimeshaambiwa na jirani kwamba binti yangu amerogwa, mwingine akasema ni mimi niliyemtoa kafara nipate mtaji. Hadithi ya Uskoti hiyo, inaongea na mtaa wetu moja kwa moja.

Karibuni. Nataka kusikia mnawasomea nini watoto, na vitabu vya Kiswahili vya aina hii tutavipata kwa njia gani.

TangaRaha

Dada MamaPendo, nimekusoma mpaka mwisho na kwa sehemu kubwa niko nawe. Lakini hapo kwa akina Julie na Catherine naomba nikupinge kwa heshima.

Mimi ni dada. Mdogo wangu ana usonji na sasa ni mtu mzima. Utotoni wageni wakija, sisi wawili tulipelekwa chumba cha nyuma, yeye asionekane na mimi nimwangalie. Hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Nikimpenda nilisifiwa, nikichoka niliitwa mbaya. Nilipokuja kusoma kitabu ambamo dada anaona aibu, kisha anaona aibu kwa kuona aibu, nililia.

Tafuta Al Capone Does My Shirts ya Gennifer Choldenko, 2004. Ni mwaka 1935, baba amepata kazi gereza la Alcatraz na familia inahamia kisiwani. Moose ana dada, Natalie. Kila mwaka mama yao anasema Natalie ana miaka kumi. Miaka inapita, msichana anakuwa mwanamwali, bado ni kumi, kwa sababu mama anaamini mtoto mdogo ndiye atakayepokelewa shule na kuonewa huruma. Neno usonji halimo hadithini, maana Kanner alikuwa bado hajaandika. Mwandishi alikuwa na dada wa namna hiyo. Ule uongo wa umri naujua, kwetu uliandikwa kwenye fomu za shule.

Na My Brother Charlie (2010), ya Holly Robinson Peete na binti yake Ryan, wanaosimulia pacha wawili weusi, nayo ni sauti ya ndugu. Yule Ryan ana pacha mwenye usonji kweli. Nasi tumeishi ndani ya nyumba hizo, usitutoe kwenye hadithi.

MamaPendo

TangaRaha, ahsante sana mdogo wangu. Chumba cha nyuma nakijua, hata kwetu walitaka nikitumie.

Siwatoi. Tena hicho cha umri wa miaka kumi kinaonyesha kitu ambacho dada au kaka pekee ndiye angeweza kukisema. Ninachokataa ni rafu nzima ya vitabu kuwa ya ndugu. Mtoto wangu akifunguliwa vitabu kumi na vyote vinamtazama kutoka nje, anajifunza kwamba yeye ni wa kutazamwa. Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa Kimarekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba mtoto anahitaji vitabu vilivyo dirisha la kuona wengine na vilivyo kioo cha kujiona mwenyewe. Yeye alikuwa akiwatetea watoto weusi wa Marekani. Watoto wetu hawa wamefanywa madirisha ya wenzao kuchungulia. Kioo ndicho hawana.

NambaTasa

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nina usonji. Niliambiwa na daktari nikiwa mtu mzima tayari, kwa hivyo utotoni nilisoma vitabu hivi bila kujua vinanihusu.

Jina langu humu limetoka kwa Christopher wa The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, kitabu cha Mark Haddon cha 2003. Sura zake zimehesabiwa kwa namba tasa: 2, 3, 5, 7. Kilitolewa kwa pamoja toleo la watoto na la watu wazima. Nilikisoma sekondari na nikakipenda, hasa pale Christopher anapofika stesheni ya treni na mabango yote yanamwingia kichwani kwa mpigo. Mimi stendi ya matatu huwa hivyo. Kila kondakta anaita, kila redio inaimba, na mwili wangu hauna mlango wa kufunga.

Lakini Haddon mwenyewe alishasema hakufanya utafiti kuhusu hali hiyo, na ndani ya hadithi haitajwi kwa jina. Jina la Asperger, ambalo lilitumika kwa aina mojawapo ya usonji, lilikuwa kwenye jalada. Watu wakakichukua kitabu kama cha udaktari. Hata shuleni kwetu walimu walikitumia hivyo. Nilipokuja kumweleza rafiki kwamba nina usonji, swali lake la kwanza lilikuwa hesabu ya kuzidisha. Hesabu nilipata D.

Kitu kingine. Vitabu vingi vinasema hatuna huruma, hatuelewi wenzetu. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huko ni kwa pande mbili: sisi hatuwasomi vizuri, na nyinyi hamtusomi vizuri. Kitabu kinachoweka shida yote upande wetu kinamfundisha mtoto asiye na usonji kwamba yeye hana kazi ya kufanya. Anangoja turekebishwe.

Na hata mhusika mzuri anaweza kupelekwa kubaya. Julia, mdoli mwenye usonji wa Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, alianza kwenye kitabu cha hadithi cha mtandaoni mwaka 2015, akaingia kwenye televisheni 2017. Alishangiliwa sana, na anayemchezesha ana mtoto mwenye usonji. Shirika la watu wenye usonji wenyewe, Autistic Self Advocacy Network, lilisaidia kumtengeneza. Mwaka 2019 likajitoa, kwa sababu Julia alitumika kwenye tangazo lililowapeleka wazazi kwenye mwongozo ambao, kwa maoni ya shirika hilo, unamfanya mzazi amwombolezee mtoto aliye hai. Kwa hivyo mimi naangalia kitabu, halafu naangalia kimewekwa mkononi mwa nani na kinafuatiwa na karatasi gani.

Mwl wa Uyole

Habari za jioni wana jukwaa. Nafundisha darasa la pili. Ninaye kijana anayeziba masikio kengele ikipigwa na kuingia chini ya dawati. Wenzake walikuwa wakimcheka. Nikaanza kumtuma yeye akapige kengele. Kengele ambayo unaipiga mwenyewe haikushtukizi. Sasa anapiga kila siku, na akimaliza anapepea mikono kwa furaha, na watoto wengine wamezoea, baadhi wanapepea naye.

Swali langu ni la kawaida tu. Vitabu mnavyovitaja ni vya Kiingereza na ni ghali. Darasani kwangu hata kitabu cha kusoma wanagawana watatu watatu. Mimi nifanye nini Jumatatu?

MamaPendo

Mwalimu, hiyo kengele tayari ni kitabu. Sitanii hata kidogo.

Kuhusu bei: yapo majukwaa ya bure. African Storybook, lililoanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver la Pratham Books ya India, yanaweka vitabu vya picha ambavyo leseni yake inaruhusu mtu yeyote kusoma, kuchapa, kutafsiri na hata kuandika vyake. Kiswahili kimo. Unaweza kuandika hadithi, ukatumia michoro iliyopo au yako, ukaichapa kwa printa ya shule. Na tusisahau kwamba Tanzania yetu imeshawahi kujenga vitabu vya watoto kwa makusudi: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 na ukaweka vitabu vya Kiswahili kwenye maktaba za shule za msingi. Waandishi tunao na wachoraji tunao.

Ila nisingependa tutafsiri Ian tukambandika jina la Juma. Mazingira ya mtoto wetu ni mengine. Kuna honi ya daladala na adhana ya alfajiri yenye spika dirishani. Kuna lebo ya sare ya shule inayokwaruza shingo. Kuna kushikana mikono na kila mgeni, maana mtoto asiyeamkia anaonekana hana adabu, na anayepigwa lawama ni mama. Halafu kusukwa! Binti yangu akiona kitana anakimbilia uvunguni. Mtu anaona mtoto mkaidi. Ngozi ya kichwa chake inasikia kila unywele ukivutwa.

Kitabu ninachotamani tukifuate kwa namna yake ya kutazama ni A Day with No Words cha Tiffany Hammond, kilichochorwa na Kate Cosgrove, cha mwaka 2023. Mwandishi ni mama mweusi mwenye usonji na watoto wake wawili wana usonji. Aidan, mtoto wa kitabuni, haongei kwa mdomo, anatumia kishikwambi, na mama yake naye anaongea kwa kishikwambi hichohicho. Anayesimulia ni Aidan. Nilipomsomea binti yangu (nilikuwa natafsiri papo kwa papo), alifika kwenye picha ya kishikwambi akaigusa kwa kidole, akangoja itoe sauti. Haikutoa. Akaenda kuleta kadi zake akazipanga juu ya ukurasa. Jioni ile hatukumaliza kitabu, na sikujali.

Mwl wa Uyole

Dada, umenipa nguvu. Nimejaribu usiku huu. Hadithi fupi ya kurasa kumi na mbili. Msichana anaitwa Tatu. Kuna harusi ya shangazi, wasichana wote wanasukwa, Tatu anaogopa. Anakamatwa, anazidiwa, analia, wageni wanashangaa. Dada yake anawaeleza watu kwamba Tatu ana usonji. Mwishoni bibi anasimama mbele ya ukoo anasema Tatu ametufundisha sote subira. Naombeni maoni, mnikosoe bila kuficha.

NambaTasa

Mwalimu, kusukwa ni mahali pazuri sana pa kuanzia, mtoto yeyote wa Afrika Mashariki ataelewa ukurasa wa kwanza. Nikukosoe kama ulivyoomba.

Mtoe bibi. Tatu hakuja duniani kufundisha ukoo subira. Yeye alikuwa hataki kuumizwa kichwa. Na dada asimsemee kila kitu. Mpe Tatu kitu cha kufanya, hata kiwe kibaya. Acha akifiche kitana. Nyumba nzima itafute, shangazi apige kelele, mjomba alaumiwe, na anayejua kilipo awe Tatu na mtoto anayesoma. Watoto watapenda hiyo siri, na watakuwa upande wake kabla hawajaambiwa ana nini. Usonji utaje katikati, kwa sentensi moja, kama unavyotaja kwamba mtu ni mrefu. Kitana kikipatikana, wamkasirikie, maana hata sisi hukasirikiwa kwa haki. Halafu waulize anataka kichwa gani.

TangaRaha

Naunga mkono. Ila mwacheni dada awemo, na acheni achukie kidogo kwamba nywele zake zimechelewa kusukwa kwa sababu ya kitana. Hilo ni kweli, na anaweza kumpenda mdogo wake bado.

MamaPendo

Tumeelewana. Dada abaki na hasira zake, bibi aende, kitana kiwe uvunguni. Msimulizi awe Tatu mwenyewe, kwa sentensi fupi. NambaTasa, naomba jina lako liwe kwenye jalada pamoja na la Mwalimu, kama utapenda, maana nimechoka na vitabu ambavyo mwenye usonji anashukuriwa ukurasa wa mwisho kwa maandishi madogo.

Tunatafuta mchoraji. Awe anajua kuchora nywele za mtoto wa Kiafrika zilizo nusu zimefumuliwa, na mikono inayopepea ya mtoto mwenye furaha, watu wasidhani ni degedege. Ukurasa wa kwanza atakaouchora nitamwonyesha binti yangu kabla ya mtu mwingine yeyote, na akiufunga tutachora upya. Mwenye sampuli anitumie PM.